Wa Tatu Katika Mstari wa Mwisho

"Mia sita na kumi!" aliita Sajini Meja Hoza Mntambo, akagusa bega la mwisho kwa kifimbo. Kisha akasogea kwenye mstari wa nyuma kabisa, ambao haukuwa na watano kama mingine. Ulikuwa na wawili tu. "Na moja. Na mbili. Mia sita na kumi na mbili. Ardhi, jibu!"

Ardhi ikajibu. Sauti yake haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke. Ilitokea chini, ikapanda kupitia nyayo, ikafika masikioni kama mtu aliyetembea mbali.

"Mia sita na kumi na tatu."

Uwanja mzima ukaguna. Ilikuwa mara ya tano ndani ya siku tatu, asubuhi na jioni. Kila mara mkono wa binadamu ulipata mia sita na kumi na mbili, na udongo ukaongeza mmoja.

"Afande," alisema Ngoda, nyapara wa wafungwa, mzee aliyekaa gerezani hadi nyusi zake zikawa za serikali. "Tuchuchumae tena, au tuanze kuzoea? Maana haya magoti yangu sasa yananisalimia kwa jina."

Watu wakacheka. Wale wawili wa mstari wa mwisho hawakucheka. Walikuwa wamebanana upande mmoja hadi mmoja karibu akalie mapaja ya mwenzake.

"Nyie nao," Mntambo aliwaambia, "mbona mmeshikamana kama maharusi?"

"Afande, hapa pembeni pana baridi."

"Baridi? Mbwego hii, saa nne asubuhi, jua linakaanga mayai kwenye kofia yangu?"

"Weka mkono, Afande. Weka tu."

Mntambo hakuweka mkono. Alitazama ile nafasi ya tatu, vumbi tupu lisilo na hata jani, akahisi jasho la mgongoni likigeuka maji ya mtungi. Akapuliza filimbi, akawarudisha mabwenini.

*

Gereza Kuu la Mbwego lilikuwa kongwe kiasi kwamba kunguni wake walikuwa na ukoo unaotukana kwa Kijerumani. Wajerumani ndio waliolijenga, wakawatia ndani watu waliokataa kukata mkonge, kisha wakawatoa kila asubuhi wakakate mkonge uleule. Waingereza walipokuja waliongeza kengele, kitabu cha kanuni na hofu ya kuchelewa. Baada ya uhuru likaongezewa karakana ya useremala, na inasemekana nusu ya watoto wa mkoa walijifunza kusoma wakiwa wamekalia kazi ya majambazi.

Kitu kimoja hakikubadilika katika zama zote hizo: hesabu. Wafungwa huchuchumaa watano watano, mwenye hesabu hupita akiwagusa mabega, na jumla isipotimia hakuna anayeingia, hakuna anayetoka, hata kama ni gavana aliyebanwa na mkojo.

Halafu wakaja wataalamu na Ardhi, na ukuta ukabomolewa. Siku ule ukuta ulipoanguka, wafungwa wote walipata mafua, kwa sababu upepo ulikuwa haujawagusa miaka mingi. Chembe laini kuliko unga zilichanganywa na udongo wa uwanja. Kila chembe ilijua uzito, joto, na mapigo ya moyo yanayoshuka kupitia nyayo. Ndani ya siku tatu Ardhi ilikuwa imeujua mguu wako kuliko mke wako anavyoujua. Mfungwa akifika mpakani, udongo ulilainika kama uji, ukammeza hadi magotini, ukamshika kwa upole mpaka askari aje amvute. Askari walivaa viatu vyenye kibali.

Lango lilibaki. Lilisimama peke yake katikati ya uwazi, chuma kikubwa kisicho na ukuta kulia wala kushoto, na mfungwa aliyemaliza kifungo alipita hapo tu, maana hapo tu udongo ulimvumilia. Na lilifunguka kwa hesabu iliyotimia.

Ndiyo maana Bibi Wankuru, aliyesafiri siku mbili kwa basi kutoka Tarime, alikuwa amekaa siku ya tatu ng'ambo ya mpaka juu ya kanga aliyoitandika. Mwanawe, Nyamhanga, alimaliza miaka tisa yake juzi. Mama alikuja na shati jipya la bluu, akamrushia juu ya mpaka, na Nyamhanga alikuwa amelivaa tangu hapo. Walikuwa hatua ishirini mbali, bila ukuta, wakitazamana.

"Wamekupa chakula?" mama aliita kila baada ya saa moja.

"Wamenipa, mama."

"Umefunga vifungo?"

"Nimefunga, mama."

Na mfungwa mtu mzima, aliyewahi kumvunja mtu taya mnadani, alijikagua vifungo.

*

Kibanda cha mtambo kilikuwa pale palipokuwa mnara wa mlinzi. Mhandisi Nakijwa, binti wa Kipare mwenye maneno machache, alikuwa na meza ya kioo iliyoonyesha uwanja mzima kutoka chini, kana kwamba mtu amelala kaburini anatazama nyayo za walio juu.

"Mzee, kaa," alisema.

"Nimekaa sana, mwanangu. Sema tu."

"Wiki iliyopita tulipasua ile saruji ya upande wa nyuma, tukachanganya chembe na udongo wa chini yake. Kosa limeanza hapo. Nilidhani chembe mbovu. Nikazibadilisha. Ikaja tena." Akagusa kioo. "Huyu hapa wa mia sita na kumi na tatu. Uzito kilo hamsini na moja. Moyo, sifuri. Joto, sifuri. Lakini mguu upo, na kila tunapohesabu unakuja kuchuchumaa mahali palepale."

Kwenye kioo ulitokea unyayo wa kulia, mzima. Kisha wa kushoto. Ulikuwa na vidole vitatu.

Mntambo alikaa.

"Unaujua?" Nakijwa aliuliza.

"Niujue mguu huu wa nini. Nimeona miguu elfu kumi."

Alikuwa anaujua. Vidole viwili vya mguu ule vilichukuliwa na korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge. Mwenye mguu aliitwa Mhina Kupaza, mwizi wa baiskeli, mcheshi, mwenye pumu. Miaka ishirini na miwili iliyopita alikutwa na tumbaku akawekwa selo ya adhabu. Ilikuwa Ijumaa. Ufunguo alikuwa nao Koplo Hoza Mntambo. Jioni hiyo koplo alikwenda harusini Korogwe, akanywa, akacheza, akalala huko hadi Jumapili usiku, ufunguo mfukoni. Jumatatu asubuhi alipofungua selo, Kupaza alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya mlango, mdomo kwenye ule upenyo wa chini ambako hewa huingia.

Wakaguzi kutoka makao makuu walitarajiwa kesho yake. Mkuu wa wakati ule, ambaye sasa naye ni marehemu, alisema jambo moja tu: "Uwanja wa nyuma unamwagwa saruji leo." Kupaza alikuwa amebakiza siku kumi na moja. Kwa hiyo kwa siku kumi na moja koplo alipita kwenye mstari wa mwisho, akagusa mabega mawili na hewa, akaita "tatu". Siku ya kumi na mbili akaandika kwenye leja: ameachiwa. Hesabu haikupungua hata siku moja. Alipewa cheti cha umakini.

"Tuna njia mbili," Nakijwa alikuwa anasema. "Ya kwanza, naweza kuilaza Ardhi. Saa moja tu. Ikiamka imesahau kila kitu, nyayo zote, mpya na za zamani, inaanza kujifunza upya kama mtoto mchanga. Lango linafunguka leo. Ya pili, tukijua jina la huyu mtu tunaliingiza, hesabu inakuwa mia sita na kumi na tatu, inatimia. Lakini jina likigongana na leja za zamani, Ardhi inafunga lango yenyewe mpaka hakimu aje achunguze. Mahakama zilivyo sasa, hiyo ni miezi."

"Na ukiilaza, huyu anakwenda wapi?"

Nakijwa alifuta kioo kwa kiganja. "Haendi popote, Mzee. Anakuwa hakuwahi kuwepo."

Mlango ulifunguliwa na Mrakibu Leokadia Mapunda, mkuu wa gereza, mama mnene mwenye hatua za haraka. Alikuwa na karatasi.

"Sajini Meja, saini ya mwenye hesabu ndiyo inayotakiwa. Weka hapo tulaze huu udongo. Nina watu watano waliomaliza kifungo nimewakalia kama kuku. Yule bibi pale nje amenitazama leo asubuhi hadi nimesahau nilikokuwa nakwenda."

"Afande, nipe mpaka hesabu ya jioni."

"Kuna nini cha kufikiri? Unastaafu baada ya miezi minne. Nenda kapumzike na mbuzi wako."

"Mpaka jioni, Afande."

*

Alimkuta Nyamhanga ameketi karibu na mpaka, shati la bluu limeshika vumbi begani. Mntambo alichuchumaa kando yake, jambo ambalo sajini meja hafanyi.

"Nyamhanga, nikuulize. Ukiambiwa utoke leo, lakini kuna mwenzako ambaye kwa kutoka kwako yeye hatatoka kamwe. Ungesemaje?"

"Ni nani huyo?"

"Amekufa."

Nyamhanga alitupa jicho kule uwanja wa nyuma. "Ndiye yule wa baridi."

"Ndiye."

"Ulimuua?"

"Nilikwenda harusini."

Nyamhanga aliangua kicheko kikavu, kisha kikakatika. Akashusha sauti ili mama yake asisikie. "Sasa Afande, unataka niseme nini? Niseme nitoke, nifunguliwe, umuue mara ya pili kwa ajili yangu? Au niseme nibaki, nionekane malaika, mama yangu afie hapo kwenye jua? Mimi nilihukumiwa na hakimu mwenye joho, nikakubali, nikamaliza. Wewe unataka kunipa na kesi yako niibebe."

"Nilikuuliza tu."

"Usiniulize! Mimi mfungwa. Huwa siulizwi. Miaka tisa hujaniuliza hata kama nimelala vizuri, leo ndiyo unaniuliza?"

"Umegombana na nani?" Bibi Wankuru aliita kutoka ng'ambo.

"Na mtu, mama. Tumeshamaliza."

*

Saa kumi jioni filimbi ililia. Watu mia sita na kumi na wawili wakachuchumaa watano watano. Wale waliomaliza vifungo walikaa mstari wa mbele na vifurushi vyao. Mapunda alisimama kivulini na karatasi yake, Nakijwa mlangoni pa kibanda.

Mntambo hakuanza kuhesabu. Alisimama mahali pa mwenye hesabu, mbele kabisa, akavuta pumzi. Kila mtu aliijua desturi ya Mbwego: anayeachiwa huitwa kwa jina, hunyanyuka, hutembea hadi mbele ya mwenye hesabu, naye humwambia, "Uko huru." Bila maneno hayo hujatoka, hata kama umepita langoni.

"Nakijwa!" aliita. "Andika. Mfungwa namba mia nne na themanini na tisa. Mhina Kupaza!"

Mtu wa mstari wa mwisho akapiga yowe na kuruka.

Vumbi la nafasi ya tatu lilikuwa limebonyea. Unyayo wa kulia, mzima. Mbele yake ukabonyea mwingine, wa kushoto, vidole vitatu. Nyayo zile zilianza kuja mbele, zikichechemea, mmoja mzito, mmoja mwepesi, katikati ya mistari. Wafungwa walivuta miguu yao pembeni kama watu wanaopisha maji. Wengine walisoma dua, wengine walifumba macho. Ngoda, aliyemjua Kupaza ujanani, alivua kofia.

"Karibu, ndugu yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Na sisi tulisema umetutoroka bila kuaga."

Nyayo zikafika mbele ya Mntambo, zikasimama sambamba, vidole vikimwelekea. Baridi ikampanda kupitia soli. Aliyeitwa alikuwa amefika. Ilibaki mwenye hesabu aseme maneno mawili.

Mntambo alifungua mdomo. Akaona jinsi ambavyo maneno yale yangekuwa mepesi, na jinsi ambavyo yalikuwa yameshaandikwa kwenye leja kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Siwezi kukuambia uko huru," alisema. "Nilishakuambia kwenye karatasi, ilhali ulikuwa chini ya saruji." Akageuka, akapaza sauti ili ifike mstari wa mwisho. "Sikilizeni! Huyu alikufa selo ya adhabu. Alikosa hewa. Ufunguo nilikuwa nao mimi, nikaenda nao harusini Korogwe. Tukamfukia pale. Kisha siku kumi na moja nikamhesabu kama yupo, siku ya kumi na mbili nikamwandika ameachiwa. Nimemaliza."

Kibandani, Nakijwa aligusa kioo.

"Mia sita na kumi na tatu," ilisema Ardhi. "Hesabu imetimia." Kwa muda wa pumzi moja watu wa mstari wa mbele walikamata vifurushi vyao. Kisha ile sauti iliyochoka ikaendelea: "Jina linagongana na leja. Lango limefungwa hadi hakimu afike." Komeo la lango likaanguka kwa kishindo kilichosikika hadi mashambani.

Hakuna aliyetukana. Mntambo alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa mawe, na hayakuja. Nyamhanga alisimama, akaanza kufungua vifungo vya shati la bluu, kimoja kimoja, kutoka juu. Akalikunja vizuri, akaliweka chini ya kwapa, akarudi kuchuchumaa kifua wazi.

Mapunda alikuja taratibu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Ile karatasi ilikuwa imekunjamana mkononi.

"Hoza," alisema, bila cheo. "Miezi minne. Ulishindwa kunyamaza miezi minne?"

"Niliweza miaka ishirini na miwili, Afande. Ilitosha."

Mrakibu alikuwa na machozi, na alikuwa na hasira na hayo machozi. "Vua viatu," akaamuru.

Mntambo aliinama, akafungua kamba, akavua viatu vyenye kibali, akavipanga sambamba kama kwenye ukaguzi. Akakanyaga udongo kwa nyayo tupu. Ulikuwa wa vuguvugu. Akauhisi ukimpapasa, ukijifunza visigino vyake.

"Mia sita na kumi na nne," ilisema Ardhi.

*

Waliwarudisha wengine mabwenini. Mapunda akampa Mntambo ruhusa moja kabla ya selo: akamwambie yule bibi mwenyewe.

Alikwenda hadi pale udongo ulipoanza kulainika, akasimama. Bibi Wankuru hakunyanyuka kwenye kanga yake. Alikuwa ameona mwanawe akivua shati. Miguu mitupu ya Mntambo pia aliiona.

"Shikamoo, mama," alisema Mntambo, ingawa hawakupishana sana umri.

"Marahaba. Hatoki leo."

"Hatoki, mama. Na sijui atatoka lini. Sababu ni mimi." Akamweleza yote, harusi, mlango, saruji, bila kupunguza. Bibi alisikiliza akiwa ametazama lango lile lililosimama peke yake.

"Huyo marehemu alikuwa na mama?"

"Alikuwa na mke. Mwanamvua, wa Muheza, nyumba za nyuma ya stesheni. Siku ya kuachiwa alikuja hapa kumpokea. Alikaa karibu na hapo ulipokaa."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia mumewe ametoka alfajiri, ameondoka zake."

Bibi Wankuru alivuta hewa kwa meno. "Miaka ishirini na miwili, mwanamke anajua ameachwa."

"Ndiyo, mama."

"Hakuuliza kitu?"

"Aliniuliza mumewe alikuwa amevaa nini miguuni, kwa sababu alikuwa amemletea makubazi, mume ana mguu mbovu. Nikasema amevaa viatu vizuri tu. Akaenda na yale makubazi mkononi."

Bibi alinyanyuka, akakung'uta kanga, akaifunga kiunoni kwa nguvu kama anayekwenda kulima. Akageukia mabweni, akaita kwa sauti iliyofukuza ndege kwenye mkonge:

"Nyamhanga! Nakwenda Muheza kumwona mtu! Wewe kaa hapohapo, nakuja!"

Mahali fulani ndani ya bweni watu walipasuka kucheka, na katikati ya kicheko ikasikika sauti ya Nyamhanga: "Haya, mama!"

Bibi alikuwa ameshapiga hatua kumi kuelekea barabarani alipogeuka.

"Wewe," alimwambia Mntambo. "Nikimpata, nianze na lipi?"

Mntambo alitazama chini. Udongo ulikuwa umeshamshika vifundoni.

"Anza na viatu," alisema. "Mwambie hakuwa amevaa."